Mtoto Aliyemnyamazisha Bibi Yake

Mimi ni mpishi, si mwalimu, na atakayesema sina haki ya kusimulia mambo ya walimu aje anikute jikoni. Nimepika katika shule ile ya chekechea miaka kumi na minne. Shule yenyewe ni vyumba viwili na baraza, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na ukuta wa jiko langu ni huohuo wa darasa. Neno likisemwa mle ndani, nami nimelisikia. Kwa hiyo Mwalimu namjua kuliko hao waliokuwa wanakuja kumkagua na mafaili yao kwapani.

Wazazi walimpa jina la Mwalimu Pole, tena kwa kejeli. Mtoto akianguka, akinyang'anywa mdoli, akijikojolea, neno la kwanza la Mwalimu lilikuwa pole. Neno "nyamaza" alilipiga marufuku. Hata mimi jikoni nilikatazwa, mimi niliyelea watoto wanne kwa neno hilohilo na mwiko mkononi! "Mtoto anayelia ana habari," aliniambia wiki ya kwanza. "Msikilize, habari ikiisha atanyamaza mwenyewe." Nikacheka kimoyomoyo. Nikasema huyu mama watoto watampanda kichwani, mwezi hauishi.

Hawakumpanda. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Mlangoni aliweka makopo matatu ya maziwa ya unga, na kila kopo amelichora uso: mmoja unacheka, mmoja unalia, mmoja umenuna. Asubuhi kila mtoto anapewa kizibo cha soda, anakitumbukiza kwenye kopo linalofanana na moyo wake. Haulizwi swali, hachekwi. Mwalimu anasimama pembeni anajifanya anapanga viatu, kumbe jicho liko kwenye makopo. Aliyenuna anapelekwa nyuma ya kabati, kwenye gunia lililoshindiliwa matambara, apige ngumi mpaka achoke. Anayelia anapata paja la kukalia na mtu wa kumsikiliza. Siku moja baba mmoja alikuja juu, eti hakumleta mtoto wake shule aje kupigana na gunia. Mwalimu akamwambia, "Hebu jaribu na wewe, baba. Ngumi tatu tu." Akapiga, kwa kutuonyesha kwamba ni upuuzi mtupu. Zile tatu zikapita, akaendelea, akaendelea, mpaka jasho likamtoka. Akaondoka bila kuaga na hatukumsikia akilalamika tena.

Lakini kitu ambacho Mwalimu alikuwa hakivumilii hata kidogo ni kumdanganya mtoto. Kuna msichana alifiwa na babu yake, nyumbani wakamwambia babu amelala. Basi mtoto akagoma kulala. Wiki mbili anasinzia amekaa, akipitiwa tu anashtuka na kupiga kelele. Mwalimu akamwita mama wa yule mtoto, na mimi huku nyuma ya ukuta nikaacha kukata vitunguu ili nisikie vizuri. "Mwambie amekufa," Mwalimu alisema. "Neno ni hilo, usitafute jingine. Mwambie hatarudi, na sisi sote tunaumia. Atalia, na wewe utakuwa naye. Ukimdanganya atalia vilevile, ila atalia peke yake." Yule mama alitoka macho yamemwiva, na mtoto wiki ile ile akalala.

Nimeyaweka haya mbele makusudi. Nataka mjue alikuwa mtu wa namna gani kabla sijasema alichofanya.

Mwalimu alikuwa na binti mmoja tu, fundi wa kushona nguo. Mume wa binti, fundi wa nyaya kubwa za umeme, kazi yake ilikuwa mbali, anakuja nyumbani kila baada ya miezi minne. Kwa hiyo binti na mtoto wake walikaa na Mwalimu, mlango wa tatu kutoka kwangu. Huyo mtoto alikuwa wa miaka sita, na alisoma palepale shuleni. Tulimwita Chiriku, kwa sababu alikuwa anaongea toka anafumbua macho. Ataongea na kijiko, ataongea na kandambili. Alikuwa anakuja jikoni kwangu kuniuliza kwa nini moshi unapanda juu wakati maji yanashuka chini, na nikimjibu anasema, "Hapana, sivyo," halafu ananifundisha mimi. Wallahi nilikuwa nampenda yule mtoto kuliko nilivyokuwa natangaza.

Mama yake alianza na homa, ikapanda kifuani, akalazwa. Wiki mbili hazikutimia. Ilikuwa Alhamisi, tunawagawia watoto maziwa, simu ya Mwalimu ikaita. Akaenda kupokea barazani. Nilimwona akisikiliza, kisha akasema, "Asante, daktari," kwa adabu kabisa, akaingia stoo tunakoweka mikeka na kujifungia. Alipotoka alikuwa ameshanawa uso. Akachukua jagi na kumalizia kugawa maziwa kikombe kwa kikombe. Mimi nilishajua.

Chiriku akamvuta gauni. "Bibi, ni Mama? Anarudi leo?"

"Mama amehamishiwa hospitali ya mbali," Mwalimu akasema. "Huko kuna madaktari wakubwa. Atakaa kidogo."

Nikamtazama, naye akanitazama. Na mimi mwenye domo kubwa mtaa mzima, siku hiyo nikalifunga.

Wakati wa msiba mtoto aliletwa kwangu, siku tatu. Wanangu niliwapanga mstari nikawaambia atakayefungua mdomo atanijua mimi ni nani. Majirani nao niliwapitia nyumba kwa nyumba. Nilidhani ninasaidia. Mkwe wake alikuja kuzika, na jioni ile alitaka kumwambia mtoto mwenyewe. Mwalimu akamshika mikono yote miwili. "Baba, nipe muda. Unajua mimi na watoto. Nitamwambia akiwa tayari." Sasa nani angembishia? Sisi sote tulimpelekea watoto wetu atufundishie kulia na kucheka. Mkwe akakubali, akarudi kazini.

Basi mtoto akawa anangojewa awe tayari. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukaingia.

Kila asubuhi Chiriku alitumbukiza kizibo chake kwenye kopo linalocheka. Kila asubuhi! Mwalimu alinifuata jikoni kunieleza, na uso wake ulikuwa na nafuu ambayo sikuipenda. "Unaona, dada? Mtoto yuko sawa. Anamsubiri mama yake kwa amani. Nikimwambia sasa nitamvunja bure." Nikamwambia mbona amekuwa mkimya? Akasema anakua. Nikamwambia mbona kucha amezitafuna mpaka damu? Akasema meno yanamwasha, yanataka kung'oka. Alikuwa na jibu kwa kila kitu, mwanamke ambaye kwa mtoto wa mwenzake angeona kucha moja tu na kuita kikao.

Na kitanda alikuwa anakilowesha. Hilo nililiona mimi, maana naamka mapema kwenda kuwasha jiko. Nilimkuta Chiriku uani, alfajiri bado haijapambazuka vizuri, anaanika shuka. Alipanda juu ya ndoo ili aifikie kamba. Aliponiona akasema, "Nimemwaga maji," nikasema haya. Nikamsaidia kunyoosha shuka, ikanuka mkojo, kisha nikaenda kuwasha jiko.

Halafu zikaanza salamu. Chiriku anachora picha, anampa bibi yake ampelekee Mama huko hospitali ya mbali. Mwalimu anazipokea, anaziweka kwenye sanduku juu ya kabati. Baada ya siku mbili tatu anarudi na majibu: Mama anakusalimu, Mama kafurahi, Mama anasema ule vizuri. Mimi nilikuwa natoka nje nikisikia hayo. Siku moja nilishindwa, nikamwambia, "Mwalimu, huu ni uongo unaouzalisha kila siku." Akanijibu kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Wewe kapike." Nikaenda kupika. Nilinuna wiki nzima, na nisifiche, niliumia kwa ajili yangu mwenyewe zaidi kuliko kwa ajili ya mtoto.

Mwezi wa tatu akaletwa mtoto mpya, mvulana wa miaka minne, analia kumtaka mama yake aliyemwacha getini. Mwalimu alikuwa anaongea na mzazi barazani. Mimi nilikuwa napita na sufuria ya maji, mlango wa darasa uko wazi, nikamwona Chiriku amemshika yule mtoto begani, karibu na yale makopo. Anamwelekeza kwa sauti ya chini, kama mtu mzima.

"Usiweke hilo la kulia," alimwambia. "Weka hili linalocheka. Ukiweka la kulia, Mwalimu anaingia stoo, na akitoka macho yake yanakuwa mekundu, halafu hali chakula. Mimi niliweka siku moja tu, mwanzoni."

Niliitua ile sufuria chini. Sijui niliituaje, maji yalinimwagikia miguuni. Nikamwita Chiriku mpaka jikoni, nikamkalisha kwenye kigoda na mimi nikachuchumaa mbele yake. Nikamuuliza polepole, "Mama yako yuko wapi?"

Akaangalia mlangoni kwanza. "Usimwambie Bibi kwamba najua."

"Unajua nini, mwanangu?"

"Mlimzika. Nilisikia nilipokuwa kwako. Ulikuwa unaongea na simu, ukasema tumeshamzika na mtoto hajui, tunamficha. Mimi nilikuwa chini ya meza natafuta penseli. Basi nikakaa kama sijui, kwa sababu mlikuwa mnataka nisijue."

Mungu wangu! Sauti yangu hii, ambayo majirani huwa wananiomba niipunguze. Wanangu niliwafunga midomo, mtaa niliufunga mdomo, na mdomo wangu mwenyewe ndio uliomwambia, yeye akiwa chini ya meza, peke yake. Na miezi yote ile alikuwa anachora picha za kumpelekea marehemu. Nikamuuliza, kama mjinga, "Sasa hizo picha unamchorea nani?" Akasema, "Bibi. Nikimpa picha anafurahi kidogo."

Sikungoja. Watoto walipoondoka nilimfuata Mwalimu stoo nikamwambia yote, na la simu yangu pia, sikujibakizia. Kwanza alikataa. Kisha akakaa kwenye lundo la mikeka, akawa anarudia neno moja: "Miezi mitatu. Miezi mitatu amekuwa ananilea." Alikuwa mtu wa kwanza kuelewa na wa mwisho kuona. Akaniomba jioni niende kwake, atamwambia mtoto, lakini akaogopa kuwa peke yake.

Nikaenda. Chiriku alikuwa amekaa kwenye kochi, miguu haigusi sakafu, bibi yake amepiga magoti mbele yake vile anavyowapigia magoti watoto wa wenzake. "Mjukuu wangu," alianza, "mama yako..." Sauti ikakatika. Akajaribu tena, "Mama yako...", machozi yakamshuka. Na yule mtoto akaruka kutoka kwenye kochi, akashika upindo wa gauni lake mwenyewe akaanza kumfuta bibi yake uso. "Basi, Bibi, basi, usilie. Mama atarudi. Atapona arudi, eeh? Si madaktari ni wakubwa?"

Nilingoja Mwalimu aseme hapana. Neno moja tu, neno alilowafundisha wazazi mia. Alimtazama mtoto, akatikisa kichwa kukubali. "Eeh," akasema. "Atarudi."

Nilitoka mle ndani nikafunga mlango kwa kishindo. Nilimlaani, nisiwadanganye. Nilimwita mwoga barabarani huku nalia. Halafu nikampigia simu mkwe wake, bila ruhusa ya mtu, nikamwambia njoo, mtoto wako anazama na sisi wanawake wazima tumemshikilia chini ya maji.

Alifika Jumamosi, na gari la kazini aliloazima, buti zina matope. Hakutaka hata kunawa. Alikaa chini sakafuni pale sebuleni akamvuta mtoto mapajani. "Mama amekufa," alisema. "Nilitakiwa nikwambie siku ile. Sikukwambia, nimekosa. Amekufa, hatarudi, na mimi namkumbuka kila siku." Halafu yule mwanamume mzima akalia. Hakujikaza, hakujificha, kamasi zilimtoka mbele yetu. Chiriku hakulia. Alimtazama baba yake kwa makini sana, kisha akageuza macho kumtazama bibi yake aliyesimama mlangoni, akimpima.

Baadaye nilileta wali na maharage. Baba akanawa uso, akala, akaomba na cha pili. Kisha akampeleka mtoto kaburini, wawili tu, wakarudi jua linazama, mtoto kamshika baba kidole. Na usiku kabla ya kulala Chiriku akasema anataka kwenda kukaa na Baba.

Kule kwa baba alikuwepo shangazi yake, nyumba ipo, shule ipo. Hakukuwa na sababu ya kumkatalia. Lakini Mwalimu alikuwa hana mwingine duniani. Binti amekwenda, na huyu ndiye alikuwa pumzi yake. Asubuhi alimkalisha mjukuu wake mezani na kumuuliza kwa nini, na akajaribu kuuliza kwa sauti nyepesi, maskini.

Mtoto akafikiri. "Kwa sababu Baba alilia, halafu akala," akasema. "Wewe ukilia huli."

Mwalimu alikubali kwa kichwa. Akainuka kwenda kukunja nguo za mtoto. Alikunja kila gauni mara tatu nne, analifungua, analikunja tena. Lile sanduku la picha alilishusha juu ya kabati, akamkabidhi mkwe wake. Nilitaka kumwambia amzuie, apige kelele, agombane, mimi ningekuwa upande wake. Akanisoma usoni akasema, "Usithubutu, dada. Mtoto amesema anachokihitaji. Mimi nilisema miaka ishirini na mbili kwamba wasikilizwe."

Saa nne gari likawa tayari. Chiriku alishapanda, amekaa dirishani, kioo kimeshushwa. Mwalimu akasogea kumuaga, midomo ikaanza kumcheza. Mtoto akaona. Haraka akatoa mkono nje, akaanza kumfuta mashavu kwa kiganja, vile alivyozoea. "Usilie, Bibi. Usilie. Nitakuja likizo."

Mwalimu akaushika ule mkono, akaubusu, akaurudisha ndani ya gari.

"Nitalia, mjukuu wangu," akasema. "Leo nitalia sana, na kesho pia. Mama yako alikuwa mwanangu, na amekufa. Lakini mimi ni mtu mzima, kilio changu nitakibeba mwenyewe. Si kazi yako kuninyamazisha. Haikuwa kazi yako hata siku moja. Nisamehe."

Ndiyo mara ya kwanza alilitamka neno hilo. Amekufa. Mtoto akamkazia macho. Kisha akafungua mdomo akaangua kilio. Alimwita mama yake kwa sauti iliyowatoa majirani nje kutazama. Alisema anamtaka Mama, anamtaka sasa hivi, na akamwita tena na tena, miezi mitatu yote ilimtoka kwa mkupuo. Baba yake akazima gari, akamkumbatia, akaanza kumwambia basi, basi.

"Usimwambie basi," Mwalimu alimwambia mkwe wake. Mkono ulishamtangulia kwenda kwa mtoto, akaushusha mwenyewe. "Mwache. Nenda naye hivyohivyo analia."

Gari likaondoka. Tulimsikia mpaka lilipokata kona, kisha Mwalimu akakaa chini palepale ukingoni mwa barabara akalia kwa sauti, watu wanapita, na mimi nikakaa naye.